Laini ya Werugha Ilipitia Paa la Mzee Righa

Nyinyi vijana wa ofisi ya Voi, siku ile mlipokuwa mkikata keki ya kuniaga yenye jina langu lililoandikwa vibaya, mliniagiza niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Basi nimeketi barazani, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, naandika. Magoti haya yamepanda nguzo nyingi mno, na sasa yananidai. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa vichache. Mshahara nao niuache ulipolala. Nitasema kazi yenyewe, na mkiona mahali nimekuwa mkali, jueni ni uchovu tu.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye stoo ya mafundi wa simu, msimamizi wa laini, Mzee Mwadime, alinisalimia vizuri kisha akatazama nyuma yangu kuona fundi aliyeletwa yuko wapi.

"Ni mimi, mzee," nikamwambia.

"Wewe ni binti ya nani?"

"Ya Mzee Omari, yule wa reli."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akanitupia mkanda wa kupandia nguzo. Ulikuwa wa kiuno cha mwanamume. Nikautoboa tundu jingine kwa msumari, nikavua buibui nikaliacha kwenye gari, na suruali niliyovaa ndani ikawashangaza wote waliokuwapo. Nilipanda. Nilipofika juu niliogopa kutazama chini, nikatazama milima ya Taita kwa muda mrefu, wakadhani nakagua waya. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu, kila nyumba niliyokwenda watu waliniuliza fundi anakuja saa ngapi. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikawa nawaambia yuko njiani, nami naanza kazi.

Kazi ya wakati huo ilikuwa ya nguzo na waya. Kwenye barabara ya kwenda Taveta ndovu walijikuna kwenye nguzo zetu kama ng'ombe ajikunavyo kwenye mlango wa zizi, na nguzo ikianguka simu za watu wote wa mbele zinakufa. Upande wa Salaita adui alikuwa mchwa. Nguzo unaiona nzima, imesimama wima, ukiipiga teke inatoa unga, kumbe imeliwa kutoka ndani ikabaki ganda. Kabla hujapanda, piga teke. Hilo halijabadilika, ingawa siku hizi mna milingoti ya chuma. Chuma nacho kina kutu, na kutu haimwogopi mtu mwenye cheti.

Mzee Mwadime alikuwa mtu wa milimani, mkimya, na alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyasoma chuoni. La kwanza ni kioo. Ukitaka kujua kama sehemu mbili zinaonana, mtu mmoja abaki huku na kioo cha kunyolea, mwingine aende kule, jua likipiga mwangaza utauona hata ng'ambo ya bonde. Tulipima hivyo kule Makwasinyi, mmoja wetu chini kwenye mashamba, mimi juu kwenye jabali la Kasigau, na watoto wa shule wakakataa kurudi darasani hadi mwalimu wao alipokuja naye akaomba kujaribu. La pili ni chai. Ukifika kwa mtu, Mwadime alisema, usiguse waya kabla hujanywa chai yake. Nilidhani ni uvivu wa wazee. Nilichelewa kufahamu kwamba mtu akishakuandalia chai ndipo anapokwambia kwamba simu ilianza kusumbua siku shemeji yake alipojenga choo juu ya mtaro wa waya.

Mwadime akafa, Mungu amrehemu. Waya wa shaba ukawa unaibwa kwa kasi kuliko tulivyoweza kuufunga, simu za mkononi zikaingia, na siku moja tukaambiwa laini zote zimekufa. Wenzangu wengi walirudi kulima. Mimi nikaingia kampuni hii yetu ya mtandao, wakati huo ikiwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, nikaanza kujifunza upya kazi ambayo waliokuwa wakinifundisha wangeweza kuwa wanangu. Sikuona aibu. Aibu ni anasa ya asiye na karo ya kulipa.

Kisha watu wakaanza kurudi nyumbani. Zamani mtu alirudi kijijini akiwa mzee au akiwa ndani ya sanduku. Tangu ule wakati wa korona wakaanza kurudi wakiwa vijana, na kompyuta mkobani, wakisema kazi yao iko popote palipo na mtandao. Haya ndiyo mnayotaka kujua, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mtu anayehamia shambani atakuuliza kila kitu kwa mpangilio usiofaa. Atachimba kisima, atanunua vigae, atapachika silingi, atapaka rangi, halafu ndipo ampigie fundi wa mtandao simu, akiwa amesimama kwenye jiwe lililoko nje ya boma kwa sababu hapo ndipo simu inaposhika. Kila boma milimani lina jiwe lake. Atakwambia, "Lakini network iko, naona mistari mitatu." Mistari ya simu ni kama salamu za mwanasiasa, hazimaanishi atakuja. Pima kwa kutuma kitu kizito na kukipokea, asubuhi, mchana, na jioni watu wakiwa nyumbani. Pima siku ya mvua ukiweza. Jani lililolowa humeza mawimbi, na mti uliokuwa rafiki wakati wa kiangazi utakugeuka mwezi wa Aprili. Uliza umeme unakatika mara ngapi, weka betri ya akiba, shindilia waya wa radi ardhini. Na msikubali kufunga antena mahali mwenye nyumba anapopenda kwa ajili ya urembo. Wengi walininunia kwa hilo. Walinipigia tena baadaye, sauti zimelainika.

Sasa niwaeleze kesi ya Werugha, ambayo mmoja wenu alisema ilikuwa rahisi kwa sababu faili lake ni jembamba.

Aliyetuita ni Mghoi, binti aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, akisikiliza sauti za madaktari wa nchi za nje na kuziandika ripoti. Baba yake, Mzee Mwakio, alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono, mguu, na mdomo. Mama hayupo, Mghoi hana ndugu, kwa hiyo alifunga nyumba Nairobi akahamia kwa baba yake. Nilimkuta uani, amevaa sweta mbili, ukungu umeshuka hadi kwenye kabichi.

"Bi Zuhura, nimejaribu kila kitu," akaniambia. "Nilianza na simu, ikakataa. Nikanunua busta."

"Busta inakuza nini, mwanangu? Sifuri ukiikuza ni sifuri."

"Sasa ningejua aje? Nikanunua ile sahani ya satelaiti. Hiyo inashika, halafu inapotea kidogo, halafu inashika. Mimi nikiwa kwa kazi ikipotea hata kidogo, sauti inaruka na ripoti inarudishwa. Bosi ameniambia mwisho wa mwezi huu nikiwa bado siko stable, wananitoa."

"Ukitolewa?"

Akatazama mlango wa nyumba, akashusha sauti. "Hapa hakuna kazi ingine itanilipia dawa zake. Nitarudi Nairobi, na itabidi nimbebe. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, Bi Zuhura. Na yeye alishasema anataka kufia hapa. Hiyo ndiyo maneno ya kwanza alisema vizuri tangu augue."

Nikanywa chai kwanza. Kisha nikatoka kuitazama nyumba, na nilipoitazama nikachoka. Wazee wa milimani walijua kujenga. Waliweka nyumba chini ya ukingo ili upepo upite juu, karibu na chemchemi, na Mzee Mwakio alifuata hivyo hivyo. Upepo ulipita juu. Mawimbi nayo yakapita juu. Na pale ambapo mnara wetu wa mtandao, ulio kwenye mlima wa pili, ungeweza kuonekana, kulikuwa na fighi.

Kwa mlio watu wa tambarare kama mimi, fighi ni msitu mdogo wa wazee, mahali pao pa kulindia nchi tangu zamani. Haukatwi ufito, hauokotwi ukuni. Makanisa yamejaa Werugha, na Jumapili njia zote ni kwaya, lakini msitu ule umesimama, na asiyeuamini pia hauingii na panga. Miti yake ilikuwa mirefu, imeshikana, inatiririka maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiziba sahani ya satelaiti, na ndiyo iliyouficha mnara. Nilipiga simu ofisini. Meneja wetu wa wakati huo, mtu aliyeijua ramani vizuri na milima kidogo, alinijibu, "Si mkate matawi mawili tu?"

Nakiri nami nilikuwa nimeyaona hayo matawi mawili. Mghoi naye aliyaona. Tukaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, ni matawi mawili ya juu. Hata hayataonekana."

Mzee Mwakio alituangalia kwa jicho lile zima. Alichukua muda kuyatafuta maneno, na yalipotoka yalikuwa yamevunjika, ila tuliyaelewa. "Righa," akasema. "Nilimtoza... mbuzi. Kwa kuni."

Mghoi akanieleza tukiwa nje. Mzee Righa ni mtoto wa baba mkubwa wa Mzee Mwakio, wamekua pamoja, na nyumba yake iko kwenye mgongo wa mlima, ng'ambo ya fighi. Miaka iliyopita mti ulianguka wenyewe msituni, Righa akaokota kuni. Mwakio ndiye aliyekuwa mlinzi wa fighi wa ukoo wao. Alimripoti ndugu yake kwa wazee, akatozwa mbuzi mbele ya watu. Tangu hapo hawasalimiani. Wakikutana njiani mmoja huangalia kabichi na mwingine huangalia mawingu.

"Kwa hivyo hawezi kukata mti kwa ajili yangu," Mghoi akasema. "Hata mimi nimeona hawezi. Lakini nitafanya nini?"

Nilizunguka mlima ule kwa miguu, kila mahali palipokuwa wazi nikasimama. Kioo hakikunisaidia, maana jua halikutoka kabisa. Palikuwa na mahali pamoja tu palipofaa. Kwenye paa la Mzee Righa ungeweza kuuona mnara upande mmoja, na upande wa pili, kupitia pengo la mashamba ya ngazi, ukaiona nyumba ya Mwakio chini. Antena moja ipokee, ya pili iteremshe. Kazi ya mchana mmoja, kama paa lingekuwa la mtu mwingine.

Mzee Righa alinikaribisha kwa heshima. Ni mzee wa kanisa, nadhifu, koti limefungwa vifungo vyote. Alinipa chai na viazi vitamu, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "paa langu halina ugomvi na wewe. Wala huyo mtoto Mghoi sina neno naye. Lakini mwambie baba yake, alinifungia msitu, sasa msitu umemfungia yeye. Aje aniombe mwenyewe."

"Hawezi kuja, mzee."

"Alikuwa na kiburi hivyo tangu utotoni."

"Hatembei, Mzee Righa. Upande wote wa kulia umelala."

Akaweka kikombe chini. "Nilisikia anaumwa. Nilisikia ni presha."

"Ni kiharusi. Hata mdomo umekwenda upande."

Nilifikiri amekasirika. Nilipomtazama nikaona anaogopa, mzee mzima, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Wewe ni Mwislamu wa Voi, haya hamna," akaniambia polepole. "Huku kwetu wazee walisema hasira ya ndugu, ukiifungia moyoni, humwangusha yule unayemkasirikia. Sisi ni Wakristo, tunasema tumeyaacha. Lakini mimi nikienda pale leo, watu watasema, huyo ndiye aliyemlaza, amekuja kuona kazi yake. Na mimi mwenyewe, mama, nitajuaje kwamba si kweli?"

Mimi ni fundi wa laini. Nilimwambia tu kwamba Mwakio amekataa kukata tawi la fighi hata kwa ajili ya bintiye, na sababu aliyoitoa ni jina lake yeye Righa. Nikaaga nikashuka, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, nikilaani milima, mtandao, na siku niliyoutoboa ule mkanda.

Nililala Wundanyi. Asubuhi nilirudi kumwambia Mghoi kwamba nimeshindwa, na kwamba aanze kumtafutia baba yake nafasi Nairobi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Nilipofika nikamkuta Mzee Righa amesimama kwenye lango la ua, nje, hajaingia, ameshika jagi la maji ya miwa lililofunikwa kitambaa. Mghoi alikuwa mlangoni amepigwa na butwaa.

"Mlete baba yako nje," Righa akamwambia. "Siwezi kula kwake wala kuingia ndani ya nyumba yake kabla hatujatasa."

Kutasa nilikuwa nimekusikia kwa Mzee Mwadime, sijawahi kukuona. Ni kuitoa hasira. Mtu huchukua funda la kinywaji, akalinyunyiza nje kwa mdomo, akasema lililo moyoni liondoke na amani ije. Zamani walitumia pombe ya miwa. Mzee wa kanisa alikuwa amekamua maji matupu, hayajachacha, ili asije akaulizwa Jumapili.

Tulimbeba Mzee Mwakio na kiti chake, mimi na Mghoi, tukamweka uani. Wale wazee wakatazamana. Sidhani walikuwa wametazamana tangu mambo ya mbuzi. Righa aliingia uani, akasimama mbele yake, akapiga funda, akalinyunyiza ardhini kwa nguvu.

"Kama nilikuwa na neno moyoni juu ya Mwakio, mtoto wa baba yangu mdogo, litoke," akasema. "Lisimlaze. Lisimguse mtoto wake. Apone, akae, alale vizuri." Akanyunyiza tena.

Kisha akamimina kikombe, akampa Mwakio.

Mwakio alikipokea kwa mkono wa kushoto. Alipiga funda. Akajaribu kukunja midomo anyunyize, na midomo haikukunjika. Yale maji yakamwagika upande ule uliolegea, yakashuka kidevuni hadi kwenye shati. Akajaribu tena. Yakamwagika tena. Macho yake yakajaa, akawa anatikisa kichwa, anajaribu kusema kwamba hasira anayo, anataka kuitoa, haitoki. Mghoi akakimbia na leso. Righa akamzuia kwa mkono.

Alipiga magoti yeye mwenyewe, na koti lake la kanisa, kwenye matope. Akamfuta ndugu yake kidevu kwa kiganja, polepole, kama anavyofutwa mtoto aliyemaliza uji.

"Imetoka, Mwakio," akamwambia. "Nimeiona. Imetoka yote."

Mwakio alilia. Sote tulilia, sitaficha. Righa akanyanyuka kwa kujishika goti, akageuka kwangu, uso umelowa, akaniuliza kwa ukali ninangoja nini na mvua inakuja.

Nikaenda garini kuchukua ngazi. Mghoi akanifuata, akashika ncha ya pili, tukaanza kuupanda mlima kwenda kwa Mzee Righa, yeye mbele mimi nyuma. Hakugeuka.

"Itashika, Bi Zuhura?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwahidi mteja kitu kabla sijafika juu ya paa.

"Itashika, mwanangu," nikamwambia.

Ilishika. Mzee Mwakio alikaa nyumbani kwake hadi siku yake ilipofika, na Mghoi alikuwapo.